Elimu ya Vikombe Vilivyovunjika

Haya, kaeni mkao wa kusikiliza, ila msiniharakishe. Habari hii inachosha kuisimulia, sembuse kuiishi.

Palikuwa na mama mmoja, Bi Tausi Mkwizu, aliyefundisha maafisa wa ustawi wa jamii miaka thelathini na mmoja, mpaka magoti yakamgomea na chaki ikamchukiza. Alipostaafu akasema atakwenda kuiona nchi ya Jozini, maana kila mkutano aliouhudhuria aliisikia ikisifiwa: huko kila raia ana faili, kila faili lina msomi wake, na hakuna mwenye shida asiyeandikiwa kitabu. Alifikaje si neno. Alifika, na miguu imemvimba.

Alipokewa na Karani Shomvi, mtu wa makamo, mpole, mwenye daftari pana kuliko kifua chake. Karani hakumuuliza jina wala atokako. Alimtazama, akaona mwanamke mmoja na begi moja, akaandika neno moja: Anasubiri.

"Nasubiri nini?" Bi Tausi akauliza.

Karani akaona haya, akainamisha uso kama mtu aliyeulizwa habari za chooni. "Mwenza, mama. Mtu aliye peke yake hapa Jozini anasubiri mwenza."

"Mume wangu nilimzika mwaka juzi. Simsubiri mtu."

"Pole sana, mama. Lakini hilo umelisema wewe. Sisi tunaandika tunachokiona." Akamweleza kwamba mtaa wa juu kuna mzee wa miaka tisini ambaye daftari linamwonyesha anasubiri tangu ana kumi na saba. "Hajalalamika hata siku moja. Mvumilivu kwelikweli."

Bi Tausi akainua begi lake. Alikuwa na usingizi, na alikwisha zoea makarani.

Sasa nawaambieni sheria za Jozini, zile mbili zinazotuhusu. Ya kwanza: kila nyumba itundike vikombe viwili vya udongo kando ya mlango, kimoja kipana cha mume, kimoja chembamba cha mke. Ya pili ndiyo inayouma: msomi hamuulizi mtu jambo analoweza kulidhani. Sisi kwetu tunasema kuuliza si ujinga. Kwao kuuliza ni ukosefu wa adabu, na kudhani ndiyo elimu. Basi kila mwaka wakaguzi hupita barabarani, hutazama vikombe, huandika, na kuondoka. Wasomi huchukua hayo maandishi na kuyageuza vitabu. Wasaidizi, yaani maafisa ustawi wa huko, husoma vitabu ndipo wajue nani apelekewe nini.

Na nyumba yenye vikombe vyembamba viwili, je? Au vipana viwili? Jamani, zipo, kama zilivyopo kila mahali. Mkaguzi wa kwanza aliyeiona nyumba ya namna hiyo alikuna kichwa, akaandika: kikombe kimoja kimevunjika, wameazima kingine. Aliyemfuata akanakili. Miaka ikaenda, mivunjiko ikafika elfu mbili na ushei, na wasomi wakashtuka: hivi udongo wetu umepatwa na nini? Ndipo ikazaliwa Elimu ya Mivunjiko, na ikajengewa nyumba ya ghorofa tatu.

Bi Tausi akapelekwa kulala kwa Bi Siwema, mtaa wa chini, kwa sababu daftari lilisema nyumba ile imepungukiwa na mtu. Kweli ilikuwa imepungukiwa. Alfajiri ya siku ileile Bi Kazija, aliyeishi humo miaka arobaini, alikuwa amekata roho, na wasaidizi walikwisha mchukua kumpeleka Nyumba ya Mapumziko, yaani mochwari yao.

Bi Siwema alimkuta mgeni mlangoni, akamkaribisha, akampa maji ya kunawa, wakaelezana majina, kazi na msiba uliokuwapo. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sabini na kitu, macho mekundu, kanga ameifunga kiunoni kama mtu aliye kazini.

"Pole sana, dada yangu," Bi Tausi akasema.

"Nimepoa. Lakini usiniite dada, mwanangu. Hilo neno limenichosha."

Uani palikuwa na kuku sita, na kila mmoja alikuwa akinywea kikombe chake kipana. Vingine vitano vimepandwa mchicha. Bi Tausi akavihesabu, vilikuwa kumi na kimoja.

"Hivyo ndivyo nilivyosaidiwa," Bi Siwema akasema. "Paa lilipovuja nilikwenda kwa wasaidizi. Wakasoma kitabu, wakaniletea kikombe kipana cha udongo imara. Kisima kilipokauka, kikombe. Kazija alipoanza kuugua miguu nikaenda kuomba dawa ya kuchua, nikarudi na vikombe viwili, kwa kuwa hali ilionekana ni mbaya."

Bi Tausi akacheka, kisha akaona aibu kucheka msibani. Bi Siwema naye akacheka, machozi yakimtoka.

"Halafu wakaja wasomi wapya," akaendelea. "Hao walikuwa werevu, walikwisha gundua kuwa hakuna kikombe kilichovunjika. Tukasema afadhali. Basi wakasimama hapo dirishani siku tatu, wakatutazama, wakaenda kuandika kitabu kinene kuhusu huzuni ya nyumba zenye vikombe vya kufanana. Wameandika kilio kilisikika. Kilio gani? Siku hiyo Kazija ameunguza maharage, tunacheka mpaka tunashikana mbavu. Na dawa ya miguu hawakuleta. Wa kwanza hawakutuona, mwanangu. Wa pili hawakuona kingine chochote."

Bi Tausi alikuwa na swali kinywani, na alishangaa kuona linavyomwia zito, yeye aliyefundisha watu mbinu za mahojiano maisha yake yote. Mwishowe akalitoa. "Bi Siwema, Bi Kazija alikuwa nani kwako?"

Bi Siwema akamgeukia. "Unaniuliza?"

"Nakuuliza."

"Miaka arobaini hakuna aliyeniuliza. Alikuwa mtu wangu. Nilimpenda, akanipenda, tukagombana kwa chumvi, tukazeeka. Basi. Wala si hadithi ndefu."

Ndipo akamweleza shida yake, nanyi ishikeni vizuri, maana ndiyo yote. Jozini maiti hukaa siku tatu. Siku ya tatu alasiri, asiyechukuliwa na mwenza wala ndugu wa damu huzikwa na serikali kwenye Shamba la Wanaosubiri, bila jina. Anayechukuliwa na ndugu huzikwa kwa heshima, na ndugu humimina maji kaburini kwa kikombe cha marehemu, kisha hukirudisha nyumbani. Ila mwenza peke yake ndiye mwenye haki ya kukivunja kikombe hicho juu ya kaburi, kwa maana hakuna mwingine atakayekinywea.

"Kwenye daftari sisi ni dada," Bi Siwema akasema. "Nikitia sahihi kuwa dada yake, nampata kesho asubuhi. Lakini aliniapisha, Tausi. Alinishika mkono akaniambia, Siwema, nimekuwa dada yako mbele za watu miaka arobaini, usinizike hivyo. Nikamwapia. Sasa wewe ni msomi, mgeni, wanawaheshimu wageni. Nisemee."

Bi Tausi akasema atajaribu, naye alidhani si jambo gumu.

Kesho yake wakaenda wote wawili Nyumba ya Mivunjiko. Kabla ya kusikilizwa iliwabidi wakae kwenye mjadala wa wasomi, kwa kuwa hiyo ndiyo adabu ya mahali pale. Wa ghorofa ya chini walisema udongo ni dhaifu. Wa ghorofa ya kati walisema la, ni uzembe wa mikono, na kuna mitaa yenye watu wazembe. Wa ghorofa ya juu walisema ni upepo unaobamiza milango. Bi Tausi alisinzia mara mbili, na kila alipozinduka aliwakuta palepale. Bi Siwema alikaa pembeni, na hakuna aliyemtazama, ingawa walikuwa wakimtaja kwa namba ya nyumba yake.

Mwisho akaingia Msomi Mkuu Kitumbi, mzee mnene mwenye sauti ya upole, akaketi. Bi Tausi akasimama, akajitambulisha kwa jina.

Msomi Mkuu akaruka kitini. "Mkwizu! Mkwizu wa ukurasa wa sitini na mbili?"

Ukumbi mzima ukasimama. Wakaja kumshika mkono. Mmoja akalia. Msomi Mkuu mwenyewe akaenda kabatini, akaleta kitabu kilichofungwa kitambaa cha kijani, akakifungua pale kilipozoea kufunguka. Bi Tausi akakitambua. Ilikuwa tasnifu yake, aliyoiandika akiwa na miaka ishirini na minane. Ilifikaje huko hakujua, vitabu vina miguu yao.

Msomi Mkuu akasoma kwa sauti: "Wanawake wawili waishio pamoja katika kaya moja huwa ni ndugu, au wanachukuliana kindugu. Hulala kitanda kimoja kwa sababu ya uhaba wa samani." Akakifunga taratibu. "Mama, msingi wa nyumba hii ni sentensi hizo. Kabla yako tulikuwa tunababaisha tu. Umenukuliwa mara mia nne na tisa."

Bi Tausi akatamani ardhi immeze. Alikumbuka vizuri alikozitoa sentensi zile. Kule milimani kwao Upare, nyumba ya wanawake wawili walima tangawizi. Alikwenda na dodoso lake, akaona kitanda kimoja, akaandika umaskini. Akapendekeza wapewe kitanda cha pili, na shirika moja likaleta. Mwaka uliofuata alirudi kuangalia maendeleo, akakikuta kitanda kipya kimeanikwa vitunguu kutoka mchagoni hadi miguuni. Wale wanawake walimtazama, wakangoja. Naye alijua, jamani. Msiseme hakujua. Alijua kuna swali linangoja kuulizwa, akaogopa kwamba akiliuliza atapata jibu, na jibu hilo mwalimu wake angemrudishia kazi nzima. Akasifu vitunguu, akanywa chai, akaondoka.

"Msomi Mkuu," akasema, "nilikosea. Sikuwauliza. Niliona kitanda nikadhani. Mama huyu hapa ni mwenza wa marehemu Kazija, naomba aandikwe hivyo."

Kisha Msomi Mkuu akatabasamu kwa huruma. "Mama, umechoka na safari."

"Nimechoka, ndiyo. Lakini nilikosea."

"Mwandishi hana mamlaka ya kukosea. Ungekosea mapema, kabla hatujajenga. Sasa watu mia nne na tisa wamekuamini. Utawafanya nini hao? Na wasomi wa ghorofa tatu, na wafinyanzi wa vikombe imara, na watoto wao?"

"Na mama huyu nitamfanya nini?"

Msomi Mkuu akageuza macho upande wa Bi Siwema kwa mara ya kwanza, akayaondoa haraka. "Hatuna ubaya naye. Anayo njia. Atie sahihi ya dada. Nawe kama umepata wazo jipya, liandike. Tutalipeleka ghorofa ya chini, wakilipitisha litapanda ya kati, kisha ya juu. Miaka saba, nane hivi."

"Maiti inazikwa kesho alasiri!"

"Ndiyo maana nasema anayo njia," akajibu Msomi Mkuu, naye alisema hivyo bila kejeli hata chembe.

Bi Tausi akabisha mpaka sauti ikamkauka. Akawaomba wamuulize Bi Siwema wenyewe, neno moja tu. Wakaziba nyuso kwa viganja, wengine wakatoka nje. Bi Siwema ndiye aliyemvuta kanga. "Twende, mwanangu. Unampigia mbuzi gitaa."

Walipofika nyumbani Bi Siwema akawapa kuku maji, akayamimina polepole kwenye vikombe vile, kimoja kimoja.

"Kile kitabu ni chako kweli?" akauliza bila kugeuka.

"Ni changu."

"Mh."

"Nisamehe, Bi Siwema."

"Nilidhani aliyekiandika ni mwanamume," akasema. Akamaliza kumimina maji. "Nitakusamehe, lakini si leo. Leo nina msiba."

Bi Tausi akakubali. Alistahili hilo, na zaidi.

Siku ya tatu asubuhi Karani Shomvi akaja na fomu. Bi Siwema akaishika, akaiangalia mbele na nyuma. Bi Tausi akamwambia asitie sahihi, watarudi tena kwa Msomi Mkuu, watapiga kelele barabarani, watafanya lolote. Bi Siwema akatikisa kichwa.

"Nikingoja mpate akili nyinyi wasomi, Kazija wangu atalala Shamba la Wanaosubiri bila jina. Yeye hakuwa anasubiri mtu. Alikwisha nipata." Akanyoosha mkono. "Nipe kalamu."

Bi Tausi ndiye aliyekuwa na kalamu. Akampa. Nawaambieni, hakuna kitu alichowahi kukitoa mkononi kikawa kizito kama kalamu ile. Bi Siwema akaandika, Dada, kwa herufi kubwa za mtu aliyesoma madarasa machache, akapuliza wino ukauke.

Walimzika mchana, chini ya jua kali. Majirani walikuja wengi, na ajabu ni kwamba hakuna jirani aliyemwita Bi Siwema dada wa marehemu. Walimshika mkono wakasema, pole na mtu wako, kisha wakamtazama Karani na kunyamaza. Mtaa mzima ulijua. Aliyekuwa hajui ni maktaba.

Kaburi lilipofukiwa, Karani Shomvi akafungua daftari kushuhudia. Bi Siwema akasogea na kikombe chembamba cha Bi Kazija, ukingo wa kikombe umemeguka kidogo upande mmoja. Akachuchumaa. Akamimina maji kichwani mwa kaburi, kama dada. Akamimina miguuni, kama dada. Hapo alipaswa kuinuka, akifute, akirudishe nyumbani.

Hakuinuka. Alikishika kwa mikono miwili, akakinyanyua juu ya kichwa chake, akakitupa kwenye jiwe la kichwani kwa nguvu zake zote za miaka sabini na kitu. Kikapasuka vipandevipande. Mwanamke mmoja nyuma akapiga kigelegele, akajiziba mdomo.

"Nimekuzika, Kazija," Bi Siwema akasema. "Kama tulivyoagana."

Karani Shomvi akasogea karibu. Akatazama vigae, akamtazama Bi Siwema, kalamu yake ikawa inachezacheza hewani. Kisha akaandika, akisema kwa sauti kama sheria inavyotaka: "Kikombe kimevunjika. Bahati mbaya." Akapumua. Ilibaki nafasi moja kwenye ukurasa, ya sababu ya kuvunjika, na hiyo hujazwa na msomi akiwapo. Akamsogezea Bi Tausi daftari. "Udongo, mikono au upepo, mama. Chagua lolote. Kwa jina lako hakuna atakayebisha."

Bi Tausi akaishika kalamu. Akafikiria ghorofa tatu, na watu mia nne na tisa, na vitunguu juu ya kitanda. Akaandika polepole, herufi zisomeke: Kimevunjwa na mwenza wa marehemu. Nilimuuliza. Chini yake akatia jina lake kamili.

Karani akasoma. Akasoma tena, midomo ikicheza. "Ulimuuliza?" akanong'ona.

"Nilimuuliza."

"Yeye mwenyewe? Kwa mdomo?"

"Kwa mdomo. Akanijibu."

Karani akafunga daftari, wala hakuichana karatasi ile, ingawa Bi Tausi alikuwa akingoja aichane. Majirani wakaanza kushuka kwenda nyumbani. Bi Siwema alibaki amechuchumaa, anaokota vigae na kuvipanga juu ya kaburi. Karani naye hakuondoka. Alisimama pale na daftari lake kifuani, mtu mzima mwenye mvi masikioni, akitazama huku na huku kuona kama wenzake wako karibu.

"Mama," akamwambia Bi Tausi, sauti imeshuka kabisa, "nyumbani kwangu vikombe ni viwili vilivyo sawasawa na sheria. Kipana na chembamba. Miaka kumi na tisa. Mke wangu ni mtu mwema. Lakini hakuna hata siku moja..." Akakwama. "Hivi mtu akitaka kuulizwa, anafanyaje?"

Bi Tausi akafungua kinywa, akagundua kwamba katika miaka thelathini na mmoja ya kufundisha hilo hakuwahi kulifundisha. Aliyejibu alikuwa Bi Siwema, bila kuinua uso kwenye vigae vyake.

"Kaa chini kwanza, baba," akasema. "Weka hilo daftari mbali, halafu ukae."

Naye Karani akaliweka daftari kwenye nyasi, akakaa.